Umeinua gari kwa springi ndefu, taa ya breki imewaka: pa kuanzia

Springi ndefu hazigusi kompyuta ya breki. Zinachobadilisha ni umbali kati ya chesisi na ekseli, na kila kinachovuka pengo hilo (hozi za breki, nyaya za sensa, kebo za hendibreki) kilikatwa kiwandani kwa urefu wa zamani. Kabla ya kununua sensa mpya, tafuta kilichovutwa.

Rangi ya taa ndiyo inayokuelekeza. Nyekundu inahusu hendibreki, kiasi cha mafuta ya breki au presha. Njano yenye herufi ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) inahusu sensa za magurudumu na umeme wake. Breki za kawaida bado zinashika, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Zikiwaka zote mbili, katika magari mengi ule mgawanyo wa presha kati ya mbele na nyuma umezimika, na nyuma inaweza kuteleza kwanza. Nyekundu ikiwaka huku pedali imelegea au inazama, gari lisitembee hata hatua moja.

Nyekundu

Chomoa waya wa swichi ya hendibreki chini ya mkono wake. Taa ikizimika, tatizo ni swichi: vumbi, tope lililoganda, au mkono usiorudi chini kabisa. Isipozimika, rudisha waya, kisha chomoa plagi ya boya kwenye chupa ya mafuta ya breki. Ikizimika hapo, mafuta yamepungua au boya limekwama.

Usikimbilie kuongeza. Mafuta hushuka taratibu pedi zinapolika, kwa sababu pistoni zinatoka nje zaidi. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, badilisha, na kiasi kitapanda chenyewe pistoni zikirudishwa ndani. Pedi zikiwa nene na mafuta yamepungua, kuna uvujaji. Anza na hozi ulizozivuta kwa kuinua gari. Taa inayowaka kwenye miteremko mikali tu, kisha ikazimika barabara ikinyooka, kwa kawaida ni mafuta yaliyokaribia alama ya MIN yanayohama upande mmoja wa chupa. Kati ya aina za mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi nazo.

Baadhi ya Land Cruiser na Prado zina pampu ya umeme inayotunza presha ya breki. Humo, zima swichi ya gari na ukanyage pedali mara 40 kabla ya kusoma kiasi cha mafuta, la sivyo utasoma uongo.

Kipimo kinachorukwa

Gari likiwa chini limetulia, hozi zote huonekana nzuri. Inua chesisi, iweke juu ya stendi imara, acha ekseli ininginie hadi mwisho wake, kisha zungusha usukani kulia na kushoto hadi ukomo. Katika hali hiyo ndipo hozi na waya viwe bado na ulegevu. Kilichokaza kama uzi wa gitaa kitakatika porini, siyo gereji. Suluhisho ni hozi ndefu zaidi, au kishikizo kinachoshusha sehemu hozi inapofungwa kwenye chesisi. Ukifungua boliti ya hozi, weka washa (vipete bapa) mpya za shaba, mbili kwa kila boliti, kisha toa upepo kwenye breki. Na usiifunge hozi kwenye springi kwa kamba ya plastiki. Springi inacheza, hozi inasagika.

Njano

Pata mashine inayosoma kodi (namba za hitilafu) za ABS. Nyingi za bei ndogo husoma injini tu. Kodi itakutajia gurudumu, lakini haitasema kama ni sensa, waya au meno ya pete inayozunguka mbele ya sensa. Anza na waya, hasa taa ikiwaka barabara mbovu na kuzimika lami, maana waya uliovutwa hukatika ndani huku ganda lake likiwa zima. Unganisha multimita (kipima umeme) na uuchezeshe waya kipande kwa kipande. Sensa za zamani zenye koili zinapimwa kwa omu, au kwa volti ya AC inayopanda unapozungusha gurudumu kwa mkono. Sensa mpya za kielektroniki usizipime kwa omu, unaweza kuziharibu. Safisha pia ncha ya sensa, kwani sumaku yake hukusanya unga wa chuma, na utikise gurudumu: beringi iliyolegea hubadilisha pengo kati ya sensa na pete.

Matairi makubwa hayana hatia kama yote manne yanalingana, kwa kuwa ABS inalinganisha kasi za magurudumu. Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 7. Ukifunga tairi la akiba la saizi ya zamani upande mmoja, gurudumu hilo litazunguka kasi kuliko wenzake na taa inaweza kuwaka.

Taa ya udhibiti wa mtelezo ikiwaka peke yake, tazama usukani. Kwenye ekseli ngumu ya mbele, kuinua gari hupindisha usukani. Rekebisha fimbo yake, kisha sensa ya pembe ya usukani ifundishwe upya sifuri yake.

Hitilafu isiyowasha taa

Hilux na ndugu zake nyingi zina vali ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma. Fimbo yake ikishuka kwa sababu ya springi ndefu, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza presha ya nyuma. Dashibodi haitasema kitu, ila breki za mbele zitachoka mapema. Umeinua milimita 50? Pandisha kishikizo cha fimbo pale kwenye ekseli kwa milimita 50 hizohizo. Kagua na kebo za hendibreki: zikikaza, ngoma za nyuma hupata moto bila taa yoyote kuwaka.