Homa, macho mekundu na vidonda mdomoni baada ya dawa ya maumivu: la kufanya

Homa na koo kuuma, Kigoma au Tabora, wengi hufikiria malaria na kuongeza Panadol. Kama mgonjwa alianza dawa ya maumivu ndani ya wiki 4 zilizopita, simama kwanza. Ugonjwa wa Stevens-Johnson, madhara makali ya dawa yanayobabua ngozi, mdomo na macho, ni adimu sana, lakini huanza hivyo hivyo, siku 1 hadi 3 kabla ngozi haijaonyesha chochote. Piroksikamu na meloksikamu ndizo hatari zaidi kati ya dawa za maumivu. Parasetamo (ndiyo Panadol) huuleta mara chache mno, ila mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitolea tahadhari.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Mtoe mwangani utafute mabaka ya zambarau au meusi kifuani na usoni, yanayouma ukiyagusa kuliko kuwasha. Fungua mdomo: malengelenge, midomo yenye magamba ya damu. Muulize kama mkojo unachoma. Vipele vya aleji ya kawaida huwasha na kuhamahama, mdomo ukabaki mzima.

Ukiona hayo, acha dawa zote za maumivu, hata za mchanganyiko zenye dawa ya maumivu ndani yake. Dawa za kifafa na ARV usizikate kimyakimya. Zitaje kwa daktari siku hiyo hiyo, maana baadhi yake huleta ugonjwa huu huu. Beba pakiti zote. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, rudi dukani uandikiwe jina.

Usitoboe lengelenge. Usipake mawese, asali wala mitishamba: ngozi iliyobabuka ni mlango wa vijidudu, na maambukizi ndiyo huua wengi. Mlaze juu ya shuka safi, mnyanyue kwa shuka hilo hilo bila kumburuta, kwani msuguano huvua ngozi. Mfunike, hupoteza joto kama aliyeungua moto. Akiweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo.

Kituo cha afya kimwekee dripu na kuandika rufaa, kisimlaze kungoja kesho. Lengo ni Hospitali ya Maweni kwa walio Kigoma, au Kitete kwa walio Tabora. Ukifika, omba macho yaangaliwe siku hiyo hiyo. Makovu huko huleta upofu, na hili husahaulika kuliko yote.

Akipona, jina la dawa liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, na mhudumu ajaze fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Dawa hiyo asiimeze tena maishani, hata nusu kidonge: mara ya pili huweza kuja haraka zaidi.