Namna ya kusasisha websaiti ya kampuni ya utalii kwa kuchati na akili mnemba

Wadau wa utalii Moshi na Arusha, na nyie wenye gesti kule Paje na Jambiani, websaiti zetu nyingi zilitengenezwa na fundi kwa WordPress (programu ya kutengenezea na kuendeshea websaiti), akalipwa akaenda zake, na tangu hapo bei ni zile zile, mteja anasoma bei ya zamani halafu mnaanza kuvutana kwenye WhatsApp. Siku hizi sio lazima umsubiri fundi kwa kila sentensi. Programu za akili mnemba kama ChatGPT, Claude au Gemini unachati nazo kwa Kiswahili chako cha kawaida na zinakutolea Kiingereza au Kijerumani kizuri tu, ila kuna namna ya kuziongoza.

Kwanza chukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya websaiti nzima. Plagini (kiprogramu cha kuongeza kwenye WordPress) ya UpdraftPlus ya bure inatosha, na bakapu itume Google Drive isikae kwenye seva ile ile yenye websaiti.

Sasa kazi yenyewe. Kopi ukurasa wa zamani wote, pesti kwenye chati, lakini usiombe ikuandikie kitu bado, iulize hivi: mgeni ambaye hajawahi kufika Tanzania akisoma hapa atabaki na maswali gani? Hapa ndipo napapenda sana, maana itakutajia vitu ambavyo sisi tumevizoea mpaka hatuvioni tena, mfano bakshishi za wapagazi ni juu ya nani, mtu akiugua njiani anashushwaje, akiahirisha safari hela ya awali inarudi au hairudi. Majibu yaandike wewe mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua.

Halafu ndo unaipa maagizo, na uyajaze ukweli: "Andika upya ukurasa wa Marangu siku 6. Wasomaji ni Wajerumani wa miaka 40 kwenda juu. Marangu ndiyo njia ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala, kupanda na kushuka ni njia ile ile, Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, bei yetu ni hii, ndani ya bei kuna hivi, nje ya bei ni hivi. Tumia haya tu, usiongeze chochote, kama kuna kitu kinakosekana niulize."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Ukiiambia tu niandikie kuhusu Kilimanjaro, inajaza mapengo yenyewe na inaongea kwa kujiamini kabisa, inaweza kukuandikia kwamba wanaopanda kwa njia ya Machame wanarudi kwa geti la Machame wakati wanashukia Mweka, na mgeni akija kugundua anaona kampuni yenu haijui mlima. Tena maarifa yake yana mwisho wa tarehe. Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje analipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima, sasa programu iliyofundishwa kabla ya hapo haina habari hiyo mpaka uiambie au iingie mtandaoni kutafuta. Ada za hifadhi na viza ndo kabisa, angalia mwenyewe kwenye tovuti za serikali.

Kwenye muonekano, labda batani ya kubuki inafunika picha kwenye simu, piga skrinishoti uipe, omba CSS (maandishi yanayopanga muonekano wa ukurasa) na uulize inabandikwa wapi na inaondolewaje. CSS haina madhara makubwa, ukiifuta mambo yanarudi. Ikikupa msimbo wa PHP, yaani maagizo yanayoendesha websaiti yenyewe, huo mpe fundi, mstari mmoja ukikosewa websaiti nzima inaweza kugoma.

Paswadi usiipesti kwenye chati, wala pasipoti za wageni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hata bila sheria, mgeni amekuamini. Kama unatumia akili mnemba inayounganishwa moja kwa moja na websaiti, ifungulie akaunti yake yenye ruhusa ndogo, iweke kazi kama drafti, wewe ndiye wa kubonyeza kupablishi.

Ukishapablishi fungua ukurasa kwa simu ukitumia bando la kawaida, bonyeza kila linki, kisha ingia WordPress utafute ile bei ya zamani kwenye kurasa na makala zote, maana ukurasa wa maswali ya wateja huwa unasahaulika na bei za miaka mitatu nyuma.