Spektroskopu ya boksi la viatu: ijue taa yako inazalishaje mwanga

Taa tatu zinaweza kuonekana nyeupe sawasawa huku kila moja ikizalisha mwanga kwa njia yake. Jicho halitambui, maana linapokea mawimbi yote kwa pamoja, kuanzia zambarau ya nanomita 400 hivi hadi nyekundu ya 700. Tutayatenganisha kwa spektroskopu, yaani kifaa kinachoutawanya mwanga katika rangi zake. Tafuta boksi la viatu lenye kimo cha sentimita 11 au zaidi, CD ya zamani, nyembe mbili na selotepu.

Hatua ya 1: Egemeza CD. Ukingo wa chini ukae sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma, wa juu uegemee ukuta huo, upande unaong'aa uelekee mbele. Kipenyo cha CD ni sentimita 12, kwa hiyo mwinamo wa digrii 60 unajipata wenyewe bila protrakta. Bandika.

Hatua ya 2: Mwanya. Hapa usiwe na haraka. Kwenye ukuta wa mbele, sentimita 9 kutoka chini, kata kidirisha cha kulala. Bandika nyembe juu yake, makali yakitazamana, nafasi kati yao isizidi nusu milimita. Mwanya mpana unachanganya rangi, ulio mwembamba mno unaleta giza, na makali yasipokuwa sambamba hutapata mistari safi. Lazima ulale, kwa sababu mifereji ya CD sehemu ya juu nayo imelala.

Hatua ya 3: Tundu la jicho. Toboa kifuniko kwa upana wa sentimita 2, jirani kabisa na ukuta wa nyuma. Ziba kila penye kuvuja mwanga.

Mifereji ya CD imeachana mikromita 1.6 (nanomita 1,600), na kila urefu wa wimbi hurudi kwa pembe yake. Ukitazama wima kabisa: 1,600 × (sin 60° − sin 30°), yaani pembe za mwanga unapotoka na unapoingia kwenye CD, ni kama nanomita 586, yaani njano. Inamisha kichwa kidogo ndipo uzione bluu na nyekundu.

Hatua ya 4: Elekeza mwanya kwenye taa. Usiuelekeze kwenye jua kamwe. Wingu jeupe linatosha.

Balbu ya filamenti itakupa utepe usiokatika: ni chuma cha moto tu, na kitu kigumu chenye joto hutoa mawimbi ya kila urefu. Tyubu ya fluoresenti itaonyesha mistari, wa kijani wa nanomita 546 ukiwa ndio rahisi kuuona. Huo ni wa zebaki. Sehemu kubwa ya kazi ya zebaki huwa haionekani, kwani hutoa urujuanimno wa nanomita 254, kisha unga uliopakwa ndani ya kioo huugeuza kuwa mwanga. LED nyeupe ndiyo ninayoipenda: bluu kali karibu na 450, kiza kidogo, halafu utepe mpana kutoka kijani hadi nyekundu. Kiini chake ni cha bluu; fosfori (unga unaobadilisha rangi ya mwanga) iliyo juu yake ndiyo inayoongeza njano.

Hatua ya 5: Chumvi. Zima taa, chovya kijiko cha chuma kwenye maji ya chumvi, kiweke kwenye moto wa gesi. Mstari wa njano wa sodiamu, nanomita 589, utajitokeza karibu wima chini ya jicho lako.

Rimoti ya televisheni usihangaike nayo kwa jicho, hutoa infraredi. Elekeza kamera ya mbele ya simu kwenye rimoti yenyewe, nyingi huiona.