Lensi ya KSS-213C: pima kwanza, potenshiometa iache

KSS-213C ya Sony, kifaa chenye leza na lensi kinachosoma diski (mafundi hukiita lensi tu), imo kwenye redio nyingi za CD, za mezani na za kubeba. Redio ikiandika NO DISC, wengi hushika bisibisi na kuzungusha potenshiometa, kirekebishi kidogo cha mkondo wa leza kilicho ubavuni mwa lensi. Lensi nyingi nzima zimefia hapo.

1. Safisha. Chomoa umeme. Pamba ya masikio, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa kwa duara bila kukandamiza, maana lensi inaning'inia kwenye viunga vyembamba sana. Tina ya rangi na asetoni huyeyusha plastiki. Vumbi la chini ya lensi lipulize kwa kipulizio cha mpira. Ukipuliza kwa mdomo unaacha mate kwenye kioo cha ndani.

2. Tazama bila diski. Bana swichi ya mlango. Lensi ipande na kushuka mara mbili tatu ikitafuta fokasi, na nukta hafifu nyekundu ionekane. Tazama kwa pembeni, umbali wa sentimita 30 au zaidi: leza hii ni ya nanomita 780, sehemu kubwa ya mwanga wake jicho haliuoni lakini unaunguza. Nukta ipo na lensi haisogei? Angalia utepe wa nyaya unaounganisha lensi na bodi, na koili zinazoisogeza lensi. Koili nzima husoma ohm chache tu.

3. Pima mkondo. Hapa ndipo ukweli unapojulikana. Ndani ya lensi kuna dayodi inayochungulia mwanga, na saketi huongeza mkondo kila leza inapochoka ili mwanga ubaki uleule. Kwa hiyo uchovu huonekana kwenye mkondo mapema kuliko kwenye mwanga. Tafuta kwenye bodi transista inayolisha leza na rezista ya mguu wake, mara nyingi ohm 10, 12 au 22. Pima volti juu ya rezista leza ikiwaka, kisha gawanya. Volti 0.53 kwenye ohm 10 ni miliampea (mA) 53. Linganisha na tarakimu tatu za lebo ya lensi: 475 maana yake mA 47.5. Ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, kama kwenye mfano huu, leza imechoka. Badilisha. Ukizungusha potenshiometa unaipa mkondo zaidi, itacheza siku chache kisha ife kabisa.

Potenshiometa iguswe pale tu mkondo uko chini ya lebo na mawimbi ya RF (ishara inayosomwa kutoka kwenye diski) kwenye osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, hayafiki karibu volti 1 kilele hadi kilele. Chora alama kwa kalamu kabla ya kuanza, sogeza kidogo sana, pima tena.

4. Kubadilisha. Lensi mpya huja na tone la risasi ya kulehemu linalounganisha vituo viwili, kinga dhidi ya umeme tuli. Ingiza utepe kwanza, ndipo uliondoe tone kwa pasi ya kulehemu yenye athi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeweka lensi mpya, haiwaki kabisa.*
Tone la risasi bado lipo. Likiwa limeshaondoka, chomoa utepe uuingize upya, unyooke.

*Nyimbo za mwanzo safi, za mwisho zinaruka.*
CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo lensi inakwama njiani. Futa grisi ya zamani kwenye reli, paka mpya, nyembamba, ya kufaa plastiki, na kagua meno ya gia.

*Za dukani zinasoma, za kuchoma hapana.*
CD-R (ya kuchoma mara moja) huakisi mwanga pungufu kidogo, kwa hiyo lensi chafu au iliyochoka huanza kushindwa hapo. CD-RW (ya kufuta na kuchoma upya) huakisi asilimia 15 hadi 25 tu. Redio nyingi za zamani hazikutengenezwa kuisoma, usiilaumu lensi.

*Kwangu ni kinyume: wimbo wa kwanza unagoma, nikiruka hadi wa kumi unapiga.*
Hiyo ni mota ya kuzungusha diski. Ndani inatakiwa izunguke kama mara 500 kwa dakika, ukingoni 200 tu. Mota iliyochoka haiwezi kasi ya mwanzo. Zungusha kwa kidole umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa nzito au inakwaruza, badilisha mota na uirudishe sahani ya diski kwenye kimo kilekile. Ikipanda au kushuka, fokasi nayo itasumbua.