Kumi na mbili sio 102: namba kwa mtoto wa awali na la kwanza

Juzi mama mmoja jirani yangu kanipigia saa mbili usiku, mwalimu hebu njoo umwone huyu mtoto, anahesabu mpaka mia lakini daftari lote makosa. Nikaenda na kandambili zangu. Dogo kanipa shikamoo, kasimama, kaimba mpaka mia bila kukwama, mama anatabasamu tu. Kwenye ungo kulikuwa na maharage yanangoja kuchambuliwa, nikamwambia mwanangu nipe saba. Akachota konzi zima akanimwagia mkononi.

Kuimba namba sio kuhesabu, na shuleni kwetu ndo tunawapokea hivyo kila Januari. Mi nafundisha awali na la kwanza miaka kumi na kitu sasa, shule ya serikali, watoto wamebanana kwenye dawati, kwahiyo hivi ntakavyoeleza havihitaji hela.

Vifaa

Vizibo vya soda 20 kwa kila mtoto, trei ya mayai, boksi gumu, mkasi, maka peni nyeusi. Vizibo omba kwa mwenye duka au grosari anakutunzia, osha kwa sabuni, vilivyopinda navyo vinafaa. Maharage hapana. Nilishambeba mtoto mpaka zahanati na harage puani limeshaanza kuvimba, toka siku ile ni vizibo tu, na hata hivyo kaa naye karibu maana mdomoni vinaingia. Zile programu za kwenye simu pia mi sizipendi, mtoto anabonyeza bonyeza mpaka simu impigie makofi, ukimpa vizibo mkononi hajui aanzie wapi.

Trei ile ya mayai 30 ina mistari 6 ya vishimo 5. Ikate kila mistari miwili, unapata vipande vitatu vya vishimo kumi kumi. Mimi naviita vitanda.

Hatua ya 1: kizibo kimoja, jina moja

Asiguse tu, asogeze toka kushoto kwenda kulia huku anataja. Wengi mdomo unakimbia mkono unachechemea, na wengine neno moja wanaligawa vizibo viwili, "sa" kimoja "ba" kingine. Mshike mkono, mwende taratibu, basi.

Hatua ya 2: "viko vingapi?"

Akimaliza kuhesabu vitano, muulize viko vingapi. Akianza upya moja, mbili, tatu, ujue bado hajajua kwamba lile jina la mwisho ndo jibu. Funika vizibo na kikombe kabla hajaanza kurudia, muulize tena, humu ndani kuna vingapi? Siku mbili tatu anakamata. Halafu geuza, "nipe sita", maana kutoa sita kwenye rundo ni kugumu kuliko kuhesabu sita vilivyopangwa.

Kuna kitu watu hawakioni hapa. Sisi tunasema mbili, lakini vizibo viwili, mawe mawili, watu wawili. Sita, saba, tisa na kumi zenyewe hazibadiliki. Kuna mtoto kwake "mbili" na "viwili" ni vitu tofauti kabisa, kwahiyo mi nahesabu kavu kwanza, moja mbili tatu, afu mwishoni ndo nasema haya, vizibo vitatu. Akisema "vizibo tatu" simkatishi, hapa tuko kwenye hesabu, Kiswahili kina kipindi chake.

Hatua ya 3: kitanda

Jaza mstari wa juu kwanza ndo uende wa chini. Saba ni mstari mzima na viwili. Mwonyeshe, funika haraka, muulize umeona vingapi na vishimo vingapi vitupu. Dakika tano kila siku.

Hatua ya 4: kutoa

Mwache acheze mdako. Kokoto kumi kwenye kishimo, unatoa zote, unarudisha zote kasoro moja, raundi nyingine kasoro mbili. We kaa pembeni uulize tu zimebaki ngapi ndani.

Hatua ya 5: kuandika 11 mpaka 19

Hapa ndo pamenitesa. Mwaka wangu wa pili kazini nilisoma namba waandike, nikasema kumi na mbili, karibu nusu darasa wakaandika 102. Nikachora misalaba myekundu, nikawaambia waandike 12 ukurasa mzima. Kesho yake 102 tena. Nikarudia wiki nzima, naondoka shule saa kumi kichwa kinagonga. Mpaka siku moja nikamwita mtoto mmoja nikamwambia nisomee ulichoandika. Akaweka kidole kwenye 10, "kumi", akakiruka hewani, "na", akakishusha kwenye 2, "mbili". Nikanyamaza. Yani kaandika nilichosema! Kiswahili chetu kinamsaidia sana huyu mtoto, kumi na mbili inajieleza yenyewe wakati Mwingereza anasema twelve na humo ndani kumi huisikii, ila ukifika kwenye karatasi msaada uleule unamwangusha. Na usipotibu hapa, mbele utakutana na 205 ya ishirini na tano na 1003 ya mia moja na tatu.

Dawa ni kadi za boksi. Kata kadi ndefu ya sentimita 10, andika 10, tarakimu moja kila nusu. Kata kadi fupi za sentimita 5, andika 1 mpaka 9. Kumi na mbili ni kadi ndefu, afu kadi ya 2 unailaza juu ya sifuri. Sifuri haijaenda popote, iko chini ya mbili imelala, mwache afunue achungulie mara mia akitaka.

Sasa angalia haya maana yote nimeshayakosea. Kata kwa rula, kadi fupi ikipwaya sifuri inachungulia na anakusomea 102 palepale, ikizidi inameza ile 1. Usitumie rangi mbili, nilitumia nyekundu ya kumi na bluu ya moja ikapendeza kweli, nilipoandika ubaoni kwa chaki nyeupe wakapotea wote. Kadi zisitumike bila kitanda, kila ukiweka kadi ndefu kitanda kimoja kijae, kila ukiweka fupi vizibo vyake vikae pembeni, la sivyo unamfundisha kiinimacho. Usianze na 11, ina 1 mbili zinafanana na hajui ipi ndo kumi, anza 14, 16, 17. Kaa ubavuni kwake, ukikaa mkabala kushoto kwako ni kulia kwake na 12 inageuka 21. Na tafadhali wazazi, msiseme "andika moja halafu mbili", yule jirani yangu alikuwa anasema hivyo na mtoto akawa anachukua vizibo vitatu. Sema "kitanda kimoja, na viwili". 3 ikiangalia upande mwingine mwache kwanza, usivuruge somo.

Ishirini kwenda mbele kuna tatizo jingine. Ishirini, thelathini, arobaini ni majina yenye asili ya Kiarabu, hayamwambii mtoto kwamba ni makumi mawili, makumi matatu. Wiki nzima nawatamkisha yote pamoja, "makumi mawili na tatu, ishirini na tatu", vitanda viwili vimejaa mezani.

Hatua ya 6: kujumlisha

Ya tano ikikaa hii ni nyepesi. Aanze na kubwa, 2+7 anashika saba kichwani anaendelea nane, tisa. Vidole ruksa, mwalimu anayemkataza mtoto wa miaka sita vidole simwelewi kabisa. Hela subiri kidogo, sarafu ni moja inaitwa mia, na we ndo kwanza umemwambia mia ni vitanda kumi.

Yule dogo nimekaa naye jioni nne, mama yake anachambua mchele pembeni. Jana nikamnyang'anya kadi nikamwambia andika kumi na nne. Akaandika 10. Akasita. Akaziba sifuri kwa kidole gumba, akakosa pa kuandika nne, basi akaiandika juu ya kucha.