Jichunguze Kwanza: Kufanya Utafiti Ndani ya Timu ya Michezo

Kabla hujaingia kwenye timu unayotaka kuitafiti, andika unachokitarajia: kocha wa aina gani hukuudhi, mchezaji wa aina gani utampenda upesi, na unadhani ni nini kinachoifanya timu hii ishinde au ifungwe. Lugha ya kitaaluma iache kando. Andika kama unavyomsimulia rafiki, kisha weka tarehe na uhifadhi.

Mimi nilidaka kabla ya kuwa mtafiti, kwa hiyo mchezo nautazama kutoka golini. Mshambuliaji asiyerudi kukaba namwona mvivu hata kabla sijajua kocha kamwagiza nini. Sentensi hiyo imo kwenye karatasi yangu, na huisoma kila ninapoanza na timu mpya. Kama hujawahi kucheza, usijione umesalimika. Wasiocheza nao huja na lao: wengine husikia uonevu katika kila kelele ya kocha.

Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilikutana katika mechi ya futiboli ya Kimarekani iliyojaa rafu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ileile, wakawataka wahesabu makosa. Matokeo yalichapishwa 1954: wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Na hao walitazama filamu tu. Wewe utakaa na timu msimu mzima, utapanda nayo basi, pengine utabeba hata mipira.

Kazi kubwa iko kwenye daftari. Gawa ukurasa safu mbili: kushoto kilichotokea, kulia ulichohisi. "Mvivu" inakaa kulia. Kushoto andika kwamba alisimama katikati ya mbio, akashika magoti, na kocha alimwona akanyamaza. Ukikosa cha kuandika kushoto, ulichonacho ni hasira zako tu.

Kila mwisho wa wiki hesabu majina. Mara nyingi nahodha na wawili watatu wenye maneno matamu wamejaa kila ukurasa, na kipa wa tatu hayumo kabisa. Hapo angalia ulikuwa unakaa wapi. Wiki inayofuata hama: kaa benchi na wachezaji wa akiba, ongozana na mtunza vifaa, baki uwanjani na majeruhi wanaojifua peke yao. Majeruhi mimi nawathamini kuliko wote, maana wanaitazama timu kutoka pembeni huku bado wakiijua kwa ndani.

Kumbuka pia nani alikufungulia mlango. Kama ni kocha, wachezaji watakuhesabu kuwa sikio lake, nawe utaona haya kumwandika vibaya. Jiulize waziwazi: ni jambo gani kumhusu nimeliona na sijaliandika? Na asikudanganye kwa chai: mambo ya wachezaji usimpelekee, hata akiuliza kwa utani.

Matokeo ya mechi hupaka rangi kila kitu. Kelele ileile ya kocha, timu ikishinda unaiita hamasa. Ikifungwa unaiita ukali. Chukua ukurasa mmoja wa siku ya ushindi na mmoja wa siku ya kipigo, ufiche mabao, umpe mwenzako asiyeifuatilia timu. Akibashiri matokeo kwa jinsi ulivyoandika tu, rudi kwenye kurasa hizo ukatenganishe safu zako upya.

Mwishoni wape wachezaji wasome, au wasomee, sehemu zinazowahusu, bila kufichua siri ya mwingine. Wengine watakataa ulichoandika. Usifute haraka, wala usibishane nao. Pingamizi hilo nalo ni jambo lililotokea, liandike safu ya kushoto.