Kuchavusha vanila kwa mkono, ua kwa ua

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na ikifika saa nane mchana limeshalegea. Usipolishika asubuhi hiyo, limekwenda. Kwa hiyo msimu wa maua ukiingia, kwetu huku Kagera hata chai tunainywea kibanjani, chini ya migomba.

Kila anayeanza huuliza swali moja: nyuki wako wapi? Mahindi huchavushwa na upepo, maboga huchavushwa na nyuki, na mkulima hana habari. Vanila si mwenyeji wetu. Ni okidi iliyotoka Mexico na Amerika ya Kati, ikaacha huko wadudu wanaolijua ua lake. Nyuki wetu hutua, wakapekua, wakaondoka, na ua likadondoka bure. Kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, rando moja la vanila, yaani mmea wenyewe unaotambaa, lilikaa miaka kama 20 bila kuzaa la maana, mpaka mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond, alipokuja na kijiti na kidole gumba. Bwana wake alikuwa amemwonyesha namna ya kuchavusha matikiti kwa mkono, naye akaihamishia akili hiyo kwenye vanila. Aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa, akapewa jina la ukoo Albius, akafa maskini mwaka 1880. Ninachokufundisha hapa ni njia yake ile ile, na mpaka leo mashamba ya vanila yanaitumia.

Hatua ya 1: Toa kafara ua moja

Usianze kwa kuchavusha. Chuma ua moja, kaa chini, ulichanechane. Waliokuwa wanaharibu maua yangu wote walikuwa wamevuka hatua hii.

Anzia nyuma. Kile kijani kilichopinda kidogo, ambacho utasema ni kikonyo, ndiyo ovari. Humo ndimo ganda la vanila litakamotokea, kwa hiyo usikifinye. Mbele kuna majani matano ya ua, rangi ya kijani iliyopauka, na katikati yao jani la sita lililojikunja kama bomba. Hilo ni mdomo wa ua. Upasue mdomo huo kwa ukucha uone kilichofichwa: kinguzo cheupe kimoja. Kwenye ua la boga, dume na jike wako kwenye maua mawili tofauti. Kwenye vanila wameunganishwa kwenye kinguzo hicho kimoja. Juu kabisa kuna kofia ndogo yenye chavua, ya njano na inayonata, si unga unaopeperuka kama wa mahindi. Chini yake kuna shimo lenye utelezi, nalo ndilo stigma, mahali chavua inapotakiwa kufika. Na kati ya hivyo viwili kuna kijingozi chembamba kinachoning'inia. Mimi hukiita kikope.

Kikope ndicho kesi yote. Chavua na stigma zimeachana kwa milimita chache tu, lakini kikope kimezitenganisha. Kazi yako ni kukifumbua.

Hatua ya 2: Kijiti

Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha. Mimi nachonga cha mwanzi, ncha nikaisugua mpaka iwe butu. Mwiba wa mlimao nao unafaa ukiukata ncha. Pini na sindano weka kando, zinatoboa.

Hatua ya 3: Kuchavusha

Anza saa moja asubuhi hivi, umande ukishapungua, umalize kabla ya saa tano. Ikinyesha, subiri maua yakauke, maana chavua iliyolowa haishiki vizuri.

Lishike ua kwa mkono wa kushoto, vidole vikilitegemeza kwa nyuma, kidole gumba kikiwa huru mbele. Kwa kijiti, pasua mdomo wa ua kuelekea chini mpaka kinguzo kionekane wazi. Ingiza ncha ya kijiti chini ya kikope, ukiinue kiende juu, kijifiche nyuma ya ile kofia. Sasa kidole gumba cha kushoto kiisukume kofia yenye chavua ishuke kwenye stigma, na wakati huo huo uchomoe kijiti. Chavua itanata. Basi, nenda ua linalofuata.

Mgandamizo uwe mdogo sana. Mama mmoja jirani, ambaye ndiye aliyenishika mkono msimu wangu wa kwanza, aliniangalia nikihangaika, akacheka: "Mwanangu, unabonyeza kama unaua chawa. Liguse tu, lenyewe linataka." Siku ya kwanza nilifanya maua 40 na shingo ikauma. Mtu mzoefu hupita maua 1,000 na zaidi kwa siku. Usijilinganishe naye.

Hatua ya 4: Jua pa kuachia

Shada moja huwa na vichipukizi vya maua 15 hadi 20, na kwa kawaida hufunguka moja moja kila siku. Kwa hiyo unalirudia shina lile lile asubuhi baada ya asubuhi, wiki nzima na nyingine. Chavusha maua 8 hadi 10 kwa kila shada, uchague yale ya upande wa chini ili maganda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Yakishashika, vunja ncha ya shada na vichipukizi vilivyobaki.

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilichavusha kila kilichofunguka, nikihesabu pesa kichwani. Maganda yalitoka membamba kama njiti, na mwaka uliofuata marando yalikuwa ya njano, mengine yakaoza, maua ya kuhesabu.

Hatua ya 5: Kagua, halafu subiri

Baada ya siku moja au mbili, pita ukigusa. Ua lililodondoka halikushika. Lililonyauka likabaki limeng'ang'ania kwenye ncha ya ovari limeshika. Liache hapo hapo.

Kinachoendelea ndani ni kirefu kuliko watu wanavyodhani. Kila chembe ya chavua huotesha mrija mwembamba unaoteremka ndani ya ovari, umebeba mbegu mbili za kiume. Kwenye mahindi, moja huungana na yai likawa kiinitete, na ya pili huanzisha akiba ya chakula, ule unga tunaousongea ugali. Vanila ina taratibu zake. Siku unapochavusha, mayai yake hata hayajakomaa. Ni kule kufika kwa chavua ndiko kunakoyaamsha, na utungisho wenyewe huja wiki kadhaa baadaye. Ile akiba ya chakula nayo haijengeki, na kwa sababu hiyo mbegu zake ni nukta nyeusi ndogo kuliko za ulezi, maelfu ndani ya ganda moja.

Kwa nje, ganda hurefuka haraka. Ndani ya wiki sita hivi limefika sentimita 15 hadi 20, halafu linasimama. Wengi hudhani limekomaa, nao wezi hudhani hivyo hivyo. Bado. Hesabu miezi 8 hadi 9 tangu siku ya kuchavusha, kwa hiyo andika tarehe kwenye daftari. Dalili ni ncha ya chini kuanza kugeuka njano. Chuma hapo, kabla halijapasuka. Usilinuse ukitafuta harufu, maana ganda bichi halina. Harufu huja kwenye kuivisha na kukausha, na hiyo ni kazi ya miezi mingine.

Hatua ya 6: Ukitaka kuongeza shamba

Usipande mbegu. Kwa kuwa haina akiba ya chakula, mbegu ya vanila porini huota kwa kulishwa na kuvu wa udongoni, na shambani kwako itaoza tu. Kata rando lenye afya, urefu wa mita moja hivi, lisiwe limetoka kuzaa. Liweke kivulini wiki moja mpaka kidonda kikauke. Toa majani ya pingili tatu za chini, zilaze juu ya udongo kwenye shina la mti wa mbono, ambao rando litaupanda, uzifunike kwa majani makavu ya migomba bila kuzifukia. Ncha ya juu ifunge kwa kamba ya mgomba. Maua ya kwanza utayaona mwaka wa pili au wa tatu.